Mchekeshaji Anaposimama Mbele ya Kamera: Mwongozo kwa Wasanii wa Nairobi

Siku yangu ya kwanza ya kupigwa picha katika kipindi cha runinga nilipewa sentensi mbili. Nilikuwa bawabu wa nyumba moja kubwa ya Kileleshwa, na kazi yangu ilikuwa kumwarifu mwenye nyumba kwamba mgeni wake ameondoka, kisha kuongeza kwamba ameondoka na mbuzi. Niliitamka sentensi ya kwanza, nikaitamka ya pili, halafu nikanyamaza nikiwa nimeinua nyusi na kuacha mdomo wazi kidogo, kama nilivyozoea kwa miaka minne ya kusimama na kipaza sauti mbele ya watu. Kimya kilitanda. Mwongozaji, aliyekuwa ameketi kwenye kona akiitazama skrini yake ndogo, alisimamisha kazi na kuniuliza kwa upole, "Kaka, unamngoja nani?"

Nilikuwa nawangoja watu wacheke. Sikuthubutu kumjibu hivyo, lakini kila mtu pale alijua, na tuliirudia sehemu hiyo mara nane kabla sijaacha kungoja.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali la mwongozaji huyo. Wachekeshaji wengi wa jiji hili wanaotamani kuigiza katika filamu na tamthilia hudhani kwamba mtaji wao ni vichekesho walivyonavyo, na kwamba mtayarishaji akiviona tu atawaita. Naamini mtaji wa mchekeshaji ni sikio lake, na kwamba kazi yote ya kuhamia kwenye skrini ni kuligeuza sikio hilo, likome kuisikiliza hadhira na lianze kumsikiliza mwigizaji aliye mbele yake.

Kuligeuza sikio

Mchekeshaji aliyekomaa hupanda jukwaani na kabla ya nusu dakika kwisha huwa amewajua watu alio nao. Anajua kama meza ya mbele imekwisha kulewa, kama watu wa nyuma hawasikii vizuri, na kama kuna kikundi cha wafanyakazi wa ofisi kilicholetwa na mkubwa wao ambacho kinaogopa kucheka kabla yeye hajacheka. Huharakisha au hupunguza mwendo kulingana na anachokisikia, hukiacha njiani kichekesho kilichoanza kuchoma, na huongeza neno moja juu ya kicheko ambacho bado hakijatulia. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Ameyapata kwa kuaibika usiku baada ya usiku.

Kwenye seti, yaani mahali pa kupigia picha, kicheko hakipo, na hata kikitaka kuwapo hukatazwa, kwa sababu fundi wa sauti akinasa kicheko cha mpiga picha juu ya maneno yako, itabidi mrudie. Mtazamaji atacheka miezi kadhaa baadaye, sebuleni kwake Rongai, wewe ukiwa umelala. Urefu wa kimya kati ya sentensi yako na ya mwenzako huamuliwa na mhariri akiwa peke yake mbele ya kompyuta, na ukimwachia pengo ulilolipima kwa kicheko ambacho hakikutokea, atalikata, au atalazimika kuuonyesha uso wa mtu mwingine wakati wako wa kung'aa. Nimewaona wachekeshaji wazuri wakipotea hivyo katika tukio zima, na kosa halikuwa la mhariri.

Aliyenifungua macho zaidi ni mama mmoja wa makamo ambaye ameigiza redioni na kwenye runinga tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tukifanya mazoezi ya ugomvi wa mama na mwanawe kuhusu pesa za karo. Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu yote na nikayatamka bila kukwama, nikadhani nimefanya vyema. Aliuweka muswada wake chini na kuniambia, "Hukunisikia, kijana wangu. Umeningoja nimalize tu."

Nikamjibu, "Pole, Mama," na tukaanza upya, na safari hiyo nikatambua kwamba alikuwa akilitamka neno "baba yako" kwa sauti iliyovunjika ambayo sikuwa nimeigundua hata mara moja. Sauti ile iliyabadilisha maneno yangu yaliyofuata bila mimi kupanga lolote. Jukwaani ningeisikia, kwa kuwa jukwaani huwa nasikia hata mtu anayesogeza kiti.

Zoezi ninalopendekeza halihitaji gharama. Mtafute mchekeshaji mwenzako, mchukue ukurasa mmoja wa mazungumzo ya watu wawili, kisha mkubaliane kwamba hakuna atakayesema sentensi yake kabla ya kuyarudia kwa sauti maneno matatu ya mwisho ya mwenzake. Mara ya kwanza mtasikika kama kasuku, na mtacheka. Mara ya tano mtaanza kugundua kwamba maneno yale matatu huja kila mara na uzito tofauti, na kwamba jibu lako linautegemea uzito huo. Baada ya wiki mbili acheni kuyarudia kwa sauti na myarudie kimoyomoyo. Sijui njia nyingine inayomgeuza mchekeshaji haraka kuliko hiyo.

Daftari lako lina marundo mawili

Kabla ya kwenda kwenye usaili wowote, fungua daftari unaloandikia vichekesho na uyagawe yaliyomo katika marundo mawili. Rundo la kwanza ni la maoni yako wewe mwenyewe: jinsi unavyoiona kodi ya nyumba, foleni ya Thika Road, mahari, na wazazi wanaopiga picha za WhatsApp kwa karibu mno. Rundo la pili ni la mahali unapoacha kuwa wewe na kuwa mtu mwingine, kama vile makanga, mwalimu wa zamu, shangazi anayekuja mjini kwa matibabu na kukaa miezi sita, au mwenye ploti anayebisha mlango alfajiri ya tarehe tano. Rundo la kwanza litakulisha jukwaani. Rundo la pili ndilo la kupeleka mbele ya kamera.

Whoopi Goldberg aliingia katika filamu kwa njia hiyo. Alikuwa na onyesho la mtu mmoja ambalo ndani yake aliwacheza wahusika kadhaa wasiofanana, na mwaka 1984 onyesho hilo likafika Broadway, New York. Mwaka uliofuata alionekana katika filamu ya The Color Purple iliyoongozwa na Steven Spielberg, akicheza nafasi ya huzuni ambayo haikumhitaji achekeshe. Watu wanaoshangaa kuona mchekeshaji akiliza watu husahau kwamba aliyeweza kumwiga mtu hadi tukamcheka tayari amemtazama mtu huyo kwa makini kuliko wengi wetu. Jamie Foxx naye alianzia kwenye kipaza sauti, na mwaka 2005 alitunukiwa Oscar kwa kumwigiza mwanamuziki Ray Charles.

Hapa kwetu kuna mtego ambao lazima niutaje waziwazi, ingawa najua utawaudhi baadhi ya marafiki zangu. Uchekeshaji wa Nairobi umeishi kwa muda mrefu kwa kuiga lafudhi za makabila. Mchekeshaji huingia, hutamka sentensi moja kwa lafudhi ya Kikamba au ya Kiluhya, na ukumbi huvunjika mbavu kabla hajasema lolote la maana. Jukwaani lafudhi ni njia ya mkato inayofika. Mbele ya kamera lafudhi peke yake haibebi mtu, kwa sababu mtazamaji atakaa na mhusika huyo kwa vipindi kumi na tatu na atataka kujua anaogopa nini, anamdai nani, na usiku akifika nyumbani huvua viatu akiwaza nini. Kibaya zaidi, ukijulikana kwa lafudhi moja utaitwa kuwa bawabu, kisha bawabu mwingine, kisha ndugu yake bawabu. Mimi nilikuwa bawabu mara tatu katika mwaka mmoja, na mara ya tatu sare niliyopewa ilikuwa ileile.

Kwa hiyo mchague mhusika mmoja kutoka katika rundo la pili na umwandikie ukurasa mzima ambao ndani yake hakuna kichekesho hata kimoja. Makanga wako anaamka saa kumi usiku wapi? Gari likikamatwa na trafiki, hasara ni ya nani? Mama yake anajua anafanya kazi gani? Ukimaliza, msome mhusika huyo mbele ya mtu kwa lafudhi yako ya kawaida ya kila siku. Ikiwa bado anapendeza, huyo ni mhusika. Ikiwa amekufa mara tu ulipomvua lafudhi, rudi ukaandike.

Pitia kwenye mchezo wa kuigiza kwanza

Waigizaji waliojenga vichekesho vya runinga nchini hawakutoka kwenye kipaza sauti. Benson Wanjau, aliyejulikana kama Mzee Ojwang na aliyefariki mwaka 2015, pamoja na Mary Khavere, yaani Mama Kayai, waliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi katika kipindi cha runinga cha Vitimbi wakiwa waigizaji kamili, ambao kicheko chao kilitokana na mke na mume kuelewana vibaya. Mchekeshaji anayesimama peke yake alikuja kupata nafasi kubwa baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta na kikundi cha vichekesho cha Redykyulass, wakamwiga rais aliyekuwa madarakani huku nchi ikishika pumzi. Kisha Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, akajenga kipindi kilichorekodiwa mbele ya hadhira, mara nyingi katika mkahawa wa Carnivore, na kupeperushwa na kituo cha NTV, na kizazi kizima cha wachekeshaji kikapata jina kupitia mlango huo. (Kuna njia ya tatu ambayo mwongozo huu hauishughulikii, nayo ni ile inayotoka kwenye vichekesho na kuishia Bungeni: Kiarie alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na Felix Odiwuor, maarufu kama Jalang'o, akachaguliwa Lang'ata mwaka 2022.)

Nayataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini nakushauri ushiriki angalau mchezo mmoja wa jukwaani kabla ya kuitafuta kamera. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka 1952 na unaotazamana na hoteli ya Norfolk kwenye Barabara ya Harry Thuku, pamoja na ukumbi wa Alliance Française katikati ya jiji, huwa na michezo mara kwa mara, na makundi kama Heartstrings yamejijengea jina kwa vichekesho vinavyochezwa mwishoni mwa wiki. Huko utajifunza jambo ambalo kipaza sauti hakikukufundisha, nalo ni kuyasema maneno ya mtu mwingine kama yalivyoandikwa.

Mchekeshaji huona maneno kuwa mali yake, akiyaongeza na kuyapunguza apendavyo. Katika mchezo wa kuigiza mwenzako anangoja neno fulani ndipo aingie, na fundi wa taa naye anangoja neno hilohilo ndipo azime taa. Ukilibadilisha kwa kuwa usiku huo limekujia neno tamu zaidi, mwenzako atabaki amesimama nyuma ya pazia na sinia la chai mkononi. Nimewahi kumfanyia mtu hivyo. Alinisamehe baada ya msimu kwisha.

Hata hivyo mchezo wa jukwaani una faida nyingine inayomfaa mchekeshaji: hadhira bado ipo. Utaigiza na mwenzako huku ukiendelea kusikia kicheko pembeni, nawe utazoea kukiacha kipite bila kukigeukia.

Usaili na video ya simu

Matangazo ya usaili siku hizi huzunguka katika makundi ya WhatsApp, Instagram na Facebook, na mengi hukutaka utume video uliyojirekodi kwa simu kabla ya kuitwa ana kwa ana. Kanuni ya kwanza ni fupi: usilipe ili usailiwe. Niliwahi kumpa wakala mmoja wa mjini shilingi elfu mbili za kile alichokiita usajili, na nilipopita wiki iliyofuata nilikuta ofisi ile imekuwa duka la vifuniko vya simu. Wakala wa kweli hupata asilimia yake kutokana na kazi uliyolipwa, na hapati kitu usipopata kazi.

Video yenyewe inahitaji utulivu kuliko vifaa. Ilaze simu kwa upana, uiweke kwenye usawa wa macho yako juu ya rundo la vitabu au ndoo iliyopinduliwa, na usimame umbali utakaoonyesha kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Lielekee dirisha, mwanga ukuangukie usoni. Ukilipa mgongo utaonekana kivuli. Wanaokaa Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hadi mchana huhitaji taa, waende juu ya paa asubuhi, lakini waziondoe kwanza nguo za majirani kwenye kamba na waangalie upepo, kwa kuwa upepo huharibu sauti kuliko kelele za watoto. Ukuta wa nyuma uwe mtupu. Mtu atakayekusomea maneno ya upande wa pili asimame karibu kabisa na simu, kwa sauti ya chini kuliko yako, nawe umtazame yeye, usiitazame simu. Jina lako, kimo chako na eneo unakokaa vitaje mwanzoni kwa sekunde chache kisha uanze.

Kuhusu namna ya kuigiza, jirekodi mara tatu. Mara ya kwanza iseme sentensi kama unavyoisema kwenye ukumbi wenye watu mia tano. Mara ya pili iseme kama unayemwambia mtu aliyeketi ng'ambo ya meza ya mkahawa. Mara ya tatu usiiseme kwa ajili ya mtu yeyote. Iwaze tu, na uiache itoke. Kisha zitazame zote tatu. Wachekeshaji wengi hugundua, kwa uchungu kidogo, kwamba uso walioutumia kuufikia mstari wa mwisho wa ukumbi unaonekana kwenye simu kama uso wa mtu aliyeumwa na jino, na kwamba ile ya tatu, waliyodhani haina kitu, ndiyo inayotazamika. Usipeleke ya kwanza hata kama rafiki zako wataisifu.

Mteuzi wa waigizaji akikuita na kukuomba uifanye tena kwa namna tofauti, usidhani umeshindwa. Anapima kama unaweza kuelekezwa. Mchekeshaji anayejibu maelekezo kwa utani hupendwa na chumba kizima na hapigiwi simu.

Siku ya kupiga picha

Ratiba ya siku hutumwa usiku uliotangulia, na saa kumi na moja alfajiri si jambo la ajabu ndani yake. Ikiwa seti iko Karen nawe unakaa Kayole, uliza mapema kama kuna gari la kuwachukua waigizaji, kwa sababu nauli ya saa hizo itakula sehemu ya malipo yako, na kuchelewa dakika ishirini huwangojesha watu arobaini. Beba kitabu. Utakaa saa nyingi bila kuitwa, na mchekeshaji asiye na la kufanya huanza kuwachekesha mafundi, akaitumia nguvu yake yote kabla ya tukio lake kufika. Nasema hivi kama mtu aliyewahi kumaliza onyesho zima karibu na sufuria ya chai na kufika mbele ya kamera akiwa kama gunia tupu.

Utakuta utepe umebandikwa sakafuni pale unapotakiwa kusimama. Ukiupita kwa hatua moja uso wako utakuwa na ukungu, kwani kamera ilipimwa kwa alama ile. Zoea kuufikia bila kuutazama, kwa kuzihesabu hatua zako katika mazoezi.

Jambo linalowashangaza wengi ni mwendelezo. Tukio la dakika moja huenda likapigwa mara kumi na zaidi, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu upande wako, kisha upande wa mwenzako, na picha hizo zote huunganishwa kana kwamba zilitokea mara moja. Ukiinua kikombe kwenye neno "mbuzi" mara ya kwanza, kiinue kwenye neno hilohilo kila mara. Mchekeshaji ana bahati hapa, kwa kuwa amezoea kulikumbuka neno ambalo mkono wake huinuka. Asilolijua ni chakula. Katika tukio moja la mlo wa jioni niliuvamia mukimo kwa moyo wangu wote mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa na njaa na nilitaka ionekane hivyo. Tulirudia mara kumi na moja. Kila mara sahani ilijazwa upya, na kila mara nililazimika kuula kama nilivyoula mwanzo, na tangu siku hiyo mke wangu akipika mukimo husema, "Baba Shiko, leo ni mara moja tu." Kula kidogo, tafuna polepole, na uzungumze kabla ya kumeza.

Sauti nayo ina matatizo yake ya Nairobi. Ukipigia picha Lang'ata au karibu na Kibra, ndege zinazopaa kutoka Wilson zitawasimamisha kila baada ya muda, na fundi wa sauti atainua mkono ukiwa katikati ya sentensi yako bora. Kwingine itakuwa honi za matatu, au jenereta ya jirani. Usikasirike, na usijaribu kuishinda kelele kwa kupaza sauti kama unavyofanya ukumbini. Baki pale ulipo kimawazo, umtazame mwenzako, na mkono ukishuka uendelee. Waigizaji wakongwe nimewaona wakiisubiri ndege ipite huku machozi yakiwa bado machoni.

Mkataba na pesa

Hapa nitakuwa mfupi. Uwe na nambari ya PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kabla ya kuitwa popote. Malipo yako kwa kawaida yatakatwa ushuru wa asilimia 5 kabla ya kukufikia, na makato hayo ni malipo ya awali tu. Bado utawasilisha ripoti yako ya mwaka kabla ya Juni 30 kwisha. Uliza siku ni ngapi, saa ni ngapi kwa siku, malipo yatatoka baada ya muda gani, na kama utalipwa kipindi kikirudiwa au kikiuzwa kwingine. Katika matangazo ya biashara uliza zaidi ni kwa muda gani utakatazwa kufanya tangazo la kampuni shindani, maana marufuku ya mwaka mzima kwa malipo ya siku moja ni bei duni. Jiunge pia na PRISK, chama kinachosimamia haki za waigizaji na watumbuizaji wengine.

Kuna kifungu kimoja kinachomhusu mchekeshaji kuliko mwigizaji mwingine yeyote. Mwongozaji akijua wewe ni mchekeshaji atakuambia uongeze chochote kinachokujia, nawe katika furaha ya kuaminiwa utatoa kichekesho chako bora cha jukwaani, kile kilichokuchukua miezi minane kukinoa. Mikataba mingi husema kwamba kila kilichofanyika kwenye seti ni mali ya mtayarishaji. Utakuwa umekitoa bure, na kipindi kikipeperushwa hadhira yako itasema unarudia vitu vya runinga. Kwa hiyo tunga papo hapo kutokana na tukio lenyewe na umwache mwanao wa jukwaani nyumbani. Ukiombwa uandike kwa kiasi kikubwa, omba kulipwa na kutajwa kama mwandishi pia. Abel Mutua, ambaye wengi walimjua kwanza kama mwigizaji katika kipindi cha runinga cha Tahidi High, alikuwa akiandika vilevile, na kalamu hiyo ndiyo iliyombeba hadi kwenye utayarishaji.

Wapo wasiosubiri kuitwa na wanaojirekodi wenyewe. Timothy Kimani, yaani Njugush, alionekana katika kipindi cha runinga cha The Real Househelps of Kawangware kabla ya kujijengea hadhira kubwa zaidi kwa video zake mwenyewe na maonyesho anayoyafanya na mkewe, na hivyo aliiendea njia hii kwa kuigeuza, kutoka kwenye skrini kwenda jukwaani. Ukiamua kufanya hivyo, kumbuka kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga filamu, na askari wa kaunti watakaokukuta na kamera katikati ya jiji hawatajali kwamba ni utani.

Kabla hamjafungasha

Mwisho wa tukio, mwongozaji akisharidhika, usikimbilie mlango. Fundi wa sauti ataomba kila mtu abaki alipo ili anase sauti ya chumba kikiwa kimya, kwa nusu dakika au dakika nzima, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na mhariri atakihitaji kuzibia mapengo. Utasimama hapo umevaa sare ya bawabu, umezungukwa na watu arobaini wanaokutazama bila kusema neno, wala kikohozi, wala kiti kusogea. Kila kilicho ndani yako kitakuambia useme kitu. Usiseme. Usihamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kwa kuwa sakafu za mbao hulia. Pumua kwa pua, na uusikilize mlio wa friji ya jikoni hadi atakaposema asante.